Chaguo la Pili

Kama kuna mtu aliyeijua hospitali ile kwa nyayo zake, ni Machela, aliyebandikwa jina la kile kitanda cha magurudumu alichokisukuma. Miaka ishirini na miwili alikuwa akisukuma wagonjwa: kutoka mapokezi kwenda wodini, kutoka wodini kwenda chumba cha upasuaji, na mara nyingine, bila haraka yoyote, kwenda kwenye kile chumba cha baridi nyuma ya jengo la kufulia. Alijua lifti ipi hukwama ghorofa ya pili. Alijua vigae vilivyopasuka na alivikwepa bila kuvitazama, maana aliyevunjika nyonga hukihisi kila kigae. Machela yake ilikuwa na gurudumu moja la mbele lenye ukaidi, ambalo siku zote lilitaka kwenda kushoto, naye alikuwa ameshazoea kulirudisha njiani kwa kusukuma upande mmoja zaidi ya mwingine. Bega lake la kulia lilikuwa limeshuka kwa sababu hiyo.

Kazi hakuichukia. Alichokichukia ni lile neno "wewe." Wewe, mlete huyu. Wewe, mbona umechelewa. Madaktari waliokuja wakiwa vijana wenye makoti yaliyowapwaya, wasiojua hata choo kiko wapi mpaka awaonyeshe yeye, baada ya miaka miwili nao walimwita wewe. Alicheka nao, akaitika, lakini akirudi nyumbani neno lile alirudi nalo.

Nyumbani alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, na huyo ndiye aliyekuwa jibu lake kwa wote waliomwita wewe. Tangu binti ana miaka minane, Machela alikuwa akimletea majina ya mifupa jinsi mzazi mwingine anavyoleta peremende. Mtoto aliyashika yote. Hospitalini habari zilishaenea, na wauguzi hawakukosa la kumtania asubuhi.

"Machela, daktari wetu hajambo?"

"Hajambo, anawasalimu. Anasema mpunguze chumvi."

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, binti alikuwa na A ya biolojia, B ya kemia na C ya fizikia. Machela alizitaja zile mbili za kwanza kwa kila aliyekutana naye kwenye korido, hata kwa mgonjwa mmoja aliyekuwa bado hajazinduka vizuri kutoka kwenye nusukaputi. Ile ya tatu hakuitaja. Kila mtu ana haki ya kuficha kidole kimoja.

Sasa ikaja fomu ya kuchagua masomo ya kidato cha tano. Ilikuwa karatasi moja yenye visanduku vitatu: chaguo la kwanza, la pili na la tatu, na katika kila kisanduku mwanafunzi aandike masomo matatu. Binti aliileta mezani Jumapili mchana. Mama yake alikuwa pembeni akipiga pasi sare ya kazi ya mumewe. Visanduku vyote vilikuwa vimeshajazwa kwa penseli, kwa mwandiko mwembamba ulioinama.

"Haya ya penseli ni ya nani?" Machela akauliza.

"Ya mwalimu wa kemia, baba. Amesema nikuonyeshe kwanza, halafu tuyakoleze kwa wino, uweke sahihi."

Machela akavaa miwani. Kisanduku cha kwanza: Fizikia, Kemia, Biolojia. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Cha pili: Kemia, Biolojia, Jiografia. Cha tatu: Kemia, Biolojia, Kilimo. Hapo akaivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Jiografia? Mtu akija na uvimbe tumboni, utamchorea ramani?"

Binti akacheka, kisha akaona baba yake hacheki sana. "Mwalimu anasema C ya fizikia inaweza kunikwamisha. Wanaotaka haya ya kwanza ni wengi, nafasi chache. Nikikosa la kwanza, mashine inayopanga wanafunzi inashuka kwenye la pili. Huko nitakuwa bado nina kemia na biolojia. Hospitalini nitaingia tu: maabara, dawa, uuguzi. Na wapo walioanzia huko wakaendelea mpaka wakawa madaktari, ila kwa kuzunguka."

"Kwa kuzunguka," Machela akarudia.

"Ndiyo. Inachukua miaka zaidi. Lakini mlango unabaki wazi."

Machela aliinyanyua fomu, akaishika mbali na macho kama alivyokuwa akishika vikaratasi vya kazi. Na hapa lazima tumwelewe, maana hakuwa mjinga wala hakuwa mtu wa makuu. Kila mgonjwa aliyemsukuma alikuja na kikaratasi cha daktari kinachosema apelekwe wapi. Kwa miaka ishirini na miwili alivisoma vyote kabla ya kuachia breki ya machela, na vilimfundisha jambo moja ambalo hakuna mwalimu wa kemia angeweza kumpinga.

"Sikiliza, mama," akamwambia binti, maana hivyo ndivyo alivyomwita alipokuwa hana mzaha. "Daktari anaandika: mpeleke chumba cha wagonjwa mahututi. Nampeleka. Wanalalamika kitanda hakuna, wanagombana, wanapiga simu, mwisho kitanda kinapatikana. Daktari mwingine anaandika: mpeleke chumba cha mahututi, au wodini kama hakuna kitanda. Unajua huyo anaenda wapi?"

"Wodini."

"Wodini! Kila siku wodini. Sijawahi, narudia, sijawahi kumfikisha mwenye 'au' kwenye chumba cha mahututi. Wanasoma 'au' wanasema, ah, huyu anaweza kusubiri. Ukiandika 'au', watakupa 'au'. Wengine nimewasukuma kutoka wodini asubuhi yake, unajua kwenda wapi."

Mama yake akaiweka pasi wima.

"Mume wangu, hiyo ni hospitali. Hii ni shule. Heri kenda shika kuliko kumi nenda rudi."

"Mshika mbili moja humponyoka."

"Huyu hashiki mbili. Anashika moja, na nyingine ameibana kwapani."

Binti alicheka tena, safari hii kweli kweli, na pengine kicheko hicho ndicho kilichoharibu mambo. Machela alihisi amechekwa nyumbani kwake, juu ya kitu pekee duniani alichokuwa na uhakika nacho. Akachukua penseli ya binti yake, akaigeuza upande wenye kifutio, akafuta kisanduku cha pili. Akafuta na cha tatu. Akapuliza vumbi la kifutio kutoka mezani.

"Baba, mwalimu alisema vyote vitatu visi..."

"Mwalimu amewahi kusukuma machela?"

"Hapana, baba."

"Basi."

Akatoa kalamu ya wino mfukoni mwa shati. Kwa herufi kubwa, zile anazozitumia kwenye daftari la zamu ili mtu asije akasema hakuona, akaandika FIZIKIA, KEMIA, BIOLOJIA katika kisanduku cha kwanza. Akaandika hivyo hivyo katika cha pili. Akaandika hivyo hivyo katika cha tatu. Akaweka sahihi. Binti alisimama nyuma ya kiti chake akitazama, na kama alikuwa na neno jingine alilimeza, kwa sababu katika nyumba ile mambo ya hospitali aliyajua baba.

Kesho yake Machela mwenyewe, akiwa njiani kwenda kazini, aliipeleka fomu shuleni. Karani wa shule alipiga muhuri bila kuisoma, akaitia kwenye bahasha pamoja na nyingine. Machela alipita mbele ya maabara, akamwona mwalimu wa kemia kupitia dirishani akifungua bomba lililogoma kutoa maji. Hakuingia kumsalimu.

Majibu yalikuja baada ya miezi miwili, kwa ujumbe kwenye simu ya mzazi. Machela aliusoma akiwa kwenye mteremko wa kuelekea chumba cha picha, mgonjwa mbele yake, mguu wake ukizuia gurudumu. Binti yake amepangiwa shule ya bweni ya mbali. Masomo: Historia, Jiografia na Kiswahili. Chini yake kulikuwa na mstari mwingine: wanaotaka kubadilisha wafike ofisi ya elimu wenyewe kabla ya Ijumaa ijayo, saa tisa alasiri.

"Kuna nini?" mgonjwa akauliza. "Mbona tumesimama?"

"Gurudumu," Machela akasema.

Nyumbani aliwaambia masomo na shule. Ule mstari wa mwisho hakuusema. Hakutaka mkewe na binti wakimbilie kwenye foleni ya ofisi kama watu wasio na mtu, wakati yeye alikuwa na mtu. Alikuwa na daktari bingwa wa upasuaji, ambaye simu yake moja tu, Machela aliamini, ingefanya watu waamke vitini. Wagonjwa wangapi alikuwa amemfikishia! Hawezi kukosa neno moja kwa ajili yake.

Binti hakulia mbele yake. Aliisoma ile orodha ya masomo kwenye simu, akairudisha simu kwa mikono miwili kwa adabu, akaingia chumbani. Tangu siku hiyo alimsalimu baba yake asubuhi, akamwambia chakula tayari jioni, basi. Nyumba yenye watu watatu ikawa kimya mpaka unasikia bomba la jirani.

Machela alimpata bingwa Jumatatu ndani ya lifti, wakiwa wawili tu na mgonjwa aliyelala. Alikuwa ameyapanga maneno usiku kucha, lakini lifti ina ghorofa nne tu, ikabidi aseme haraka.

"Daktari, nina shida ndogo ya mtoto. Amekosa masomo ya sayansi. Alama anazo. Kama ungewapigia simu pale elimu..."

"Eh? Sawa, sawa. Niandikie jina lake."

Machela aliandika jina na namba ya mtihani kwenye kipande cha pakiti ya glavu. Bingwa alikitia kwenye mfuko wa koti bila kukitazama. Milango ikafunguka. "Nikumbushe," akasema, tayari akiwa nje.

Jumanne bingwa alikuwa chumba cha upasuaji mchana kutwa. Jumatano makoti ya madaktari yalipelekwa kufuliwa, na Machela, aliyekuwa akisukuma kigari cha nguo chafu siku hiyo kumsaidia mwenzake, aliliona lile koti juu ya rundo. Alipekua mfuko. Kikaratasi kilikuwa mle mle alimokitia, hakijakunjuliwa. Alhamisi alikipeleka tena kwa mikono yake, akaambiwa, "Ah, ndiyo, nitaangalia." Ijumaa saa tisa alasiri Machela alikuwa amesimama nje ya mlango wa bingwa akimsubiri atoke kikaoni. Bingwa alitoka saa kumi na moja.

"Wewe," akasema, "kuna mgonjwa wa kitanda cha sita hajachukuliwa."

Wiki nzima nyingine Machela alijipa matumaini ya mtu anayejua hayapo. Kisha, baada ya mkewe kumwambia waziwazi kwamba kama haendi yeye ataenda mwenyewe, akaomba ruhusa kazini, akavaa shati la kutokea, akaenda ofisi ya elimu. Aliyemhudumia alikuwa karani mmoja, mama wa makamo mwenye sweta, anayesoma kompyuta huku midomo ikichezacheza. Aliingiza namba ya mtihani. Akasubiri. Akakunja uso.

"Mzee, fomu hii aliijaza nani?"

"Mimi."

"Umeandika kitu kimoja mara tatu."

"Ndiyo. Ili wajue kwamba hatuna mzaha."

Mama yule hakucheka, na Machela alitamani angecheka. "Mashine haijui mambo ya mzaha, mzee. Imesoma chaguo la kwanza, nafasi zimejaa, waliomzidi fizikia ni wengi. Imeshuka la pili, imekuta lile lile. Imeshuka la tatu, lile lile. Ikamchukua kama mtoto asiye na chaguo, ikampeleka popote palipobaki."

Machela alishika ukingo wa kaunta. "Na kama angeandika... tuseme, Kemia, Biolojia, Jiografia. Katika la pili."

"Tuone." Akabonyeza, akatelezesha kidole kwenye kioo. "Mwenye A ya biolojia na B ya kemia? Angepata, mzee. Hata mwenye C mbili amepata. Shule ile karibu na soko, ya kutwa, ilikuwa na nafasi kumi na moja tupu."

"Tupu?"

"Zilikuwa tupu. Tumewapa waliokuja kubadilisha. Ya mwisho ilichukuliwa Ijumaa ile ya mwisho wa kubadilisha, mchana." Akamtazama juu ya miwani. "Wewe hukupata ujumbe?"

"Niliupata."

"Sasa?"

Machela akauliza kama wengi hufanya kosa hilo la kuandika mara tatu. Mama yule alifikiri kidogo, akitafuta namna ya kumtendea wema, lakini alikuwa mtu mkweli. "Hapana, mzee. Mwaka huu ni wewe tu."

Tumtendee haki: alitoka pale akiwa na nia ya kusema kweli. Alitembea kwa miguu mpaka nyumbani, mwendo wa saa nzima, na njia nzima aliyajaribu maneno. Nilikosea, mama. Mwalimu wako alikuwa sahihi. Nilikufutia. Kisha kulikuwa na wiki nzima ya kurekebisha, nikaificha. Hilo la mwisho ndilo lililomkwamisha kila alipolifikia. La kwanza angeweza kuliita bahati mbaya. La pili halikuwa na jina jingine. Alijichukia kwa uchovu, jinsi mtu anavyochukia kazi ambayo haiishi.

Aliwakuta wote wawili sebuleni wakimsubiri. Binti alisimama alipoingia. Macho yake yalikuwa yamevimba, lakini yalimtazama moja kwa moja, kwa mara ya kwanza katika wiki tatu, na ndani yake kulikuwa bado na tumaini dogo la kijinga.

"Wamesemaje, baba?"

Machela alikaa. Alifungua kamba za viatu, akazifunga tena.

"Wamesema ni alama," akasema. "Ile C."

Binti akasogea karibu. "Na kama tungelibakiza lile chaguo la pili? Lile la mwalimu?"

Mkewe alikuwa ameacha kukunja nguo. Hapo ndipo ilipokuwa nafasi, wazi kabisa, na hakuna aliyekuwa ameiziba ila yeye mwenyewe.

"Nimeuliza hilo hilo," Machela akasema. "Nalo lilijaa. Hata ungeliandika, usingepata."

"Una hakika?"

"Nimeiona kwenye kompyuta kwa macho yangu."

Kisha binti akaketi pale pale chini, kwenye sakafu, karibu na miguu ya baba yake, akaanza kulia yale machozi aliyoyazuia wiki zote hizo.

"Nisamehe, baba," akasema. "Nilikuwa nakuchukia. Nalala nakuchukia, naamka nakuchukia. Nilikuwa najiambia ni wewe uliyenifutia, ni wewe uliyeniharibia maisha. Kumbe ni mimi. Ni mimi ambaye sikusoma fizikia. Na wewe umekwenda kunihangaikia, nami hata maji sikukupa. Nisamehe, baba."

Machela alimtazama mkewe. Mkewe alikuwa anamtazama yeye, na alikuwa ameishi naye muda wa kutosha. Alikuwa anasubiri, na alisubiri kwa muda mrefu kuliko ambavyo Machela angeweza kustahimili, kisha akainamisha uso kwenye nguo zake.

Machela akaweka mkono juu ya kichwa cha binti yake.

"Inuka, mama," akasema. "Nimekusamehe. Yameisha."

Binti akambusu mkono, akamshukuru, akainuka kwenda kumpashia baba yake chakula.